Historia ya Mpini Mnene

Kuna kisu cha kumenyea viazi ambacho huenda umewahi kukishika bila kukifikiria. Mpini wake ni mweusi, mnene, umevikwa raba laini, na pale kidole gumba kinapokaa kuna mapezi madogo membamba yanayobonyea ukiyafinya. Nakala zake, na nakala za nakala, zimejaa kwenye rafu za supamaketi zetu. Ukikishika unasema tu, enyewe hiki kinashikika vizuri, unakitia kwenye kikapu, unaendelea kutafuta mchele na sabuni.

Mimi ni mtu wa kutaka kujua vitu vya kawaida vilitoka wapi. Hiki nilikifuatilia kwa muda, na nilichokuta ni historia ya mikono inayouma. Si historia ndefu, haifiki hata miaka 100, lakini ndani yake mna swali ambalo familia nyingi hapa kwetu hulijibu kila siku bila kulitamka: mtu akishaanza kuumwa vidole, bado jikoni ni kwake?

Tuanze na hadithi inayojulikana. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Mmarekani mmoja aliyeitwa Sam Farber alikuwa likizoni kusini mwa Ufaransa pamoja na mkewe, Betsey. Sam alikuwa amestaafu. Maisha yake yote alikuwa mtu wa vyombo vya jikoni. Mwaka 1960 alianzisha kampuni ya Copco iliyouza masufuria na mabirika. Siku moja wakiwa wanapika, Betsey alishindwa kumenya tufaha. Alikuwa na baridi yabisi mikononi, na kile kisu chembamba cha chuma kilimuumiza. Sam akamwona, akajiuliza kwa nini vifaa vya jikoni viumize watu, kisha akampigia simu mbunifu Davin Stowell wa kampuni ya Smart Design, New York. Mwaka 1990 vifaa 15 vya kwanza vikatoka sokoni kwa jina la OXO Good Grips. Jina lenyewe lilichaguliwa kwa ujanja: OXO utalisoma vilevile ukianzia kushoto, ukianzia kulia, hata ukiligeuza juu chini. Miaka miwili baadaye kampuni iliuzwa. Leo kisu kile kimo katika mkusanyiko wa jumba la sanaa la MoMA, New York.

Hadithi tamu, sivyo? Mume mwenye huruma, mke mgonjwa, biashara ikashamiri. Imesimuliwa hivyo katika vitabu vya biashara na madarasa ya ubunifu kwa miaka zaidi ya 30.

Sasa, kuna jambo dogo ambalo hadithi hiyo huliruka. Betsey Farber alikuwa msanifu majengo. Kazi yake ilikuwa kufikiria umbo la kitu na namna mwili wa mtu unavyokutana nalo. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba wazo la kuvifanya vifaa vile vikae vizuri mkononi lilikuwa lake, na kwamba alijua historia ingemkumbuka kwa ugonjwa wake na kumsahau kwa wazo lake. Mwaka 2018 Liz Jackson, mwandishi na mwanaharakati Mmarekani anayeishi na ulemavu, alilileta jambo hilo hadharani katika gazeti la New York Times. Hoja yake ilikuwa wazi: watu wenye ulemavu ndio wavumbuzi wa kwanza wa njia za kurahisisha maisha, ila majina yao hubaki nje ya mlango.

Naomba ulishike hilo, kwa sababu kila hadithi ina matokeo yake. Ukiamini ile ya kwanza, kifaa cha mkono unaouma ni sadaka: mzima anampa mgonjwa, mgonjwa anasema ahsante. Ukiamini ya pili, kifaa hicho ni ujuzi, na mwenye ujuzi ni yule anayeumwa.

Tuuangalie mkono wenyewe. Sisi tunauita ugonjwa huu baridi yabisi, maneno mawili yaliyotoka Kiarabuni: baridi, na yabisi, yaani kavu. Yamebeba mawazo ya tiba ya kale ya Wagiriki ambayo matabibu wa Kiarabu waliiendeleza, ile iliyogawanya miili, vyakula na magonjwa kwa joto na baridi, unyevu na ukavu. Kwa hiyo ukisema bibi yako ana baridi yabisi, unatumia msamiati wa kitabibu wa karne nyingi. Madaktari wa leo hugawanya kwa njia nyingine. Kuna aina ambayo gegedu, ule utando mgumu unaoteleza kati ya mifupa, hulika polepole kadiri umri unavyosogea. Kuna aina ambayo kinga ya mwili hugeuka na kuvishambulia viungo, hata kwa mtu mwenye miaka 30. Huyo huamka asubuhi vidole vimekaza kama vimefungwa kamba.

Kwa wengi, panapouma zaidi ni kile kiungo kilicho chini kabisa ya kidole gumba. Wataalamu wa mwendo wa mkono walishapiga hesabu: ukibana kitu kwa ncha ya kidole gumba na cha shahada, nguvu ile hufika kwenye kiungo hicho ikiwa imezidishwa karibu mara 12. Bana kwa nguvu ya kilo 1, chini kule kiungo kinahisi kama kilo 12. Sasa kifikirie kile kisu cha zamani cha kumenyea, bamba la chuma lililokunjwa, jembamba, linaloteleza likiloa. Ili lisichopoke lazima ubane. Unabana kiazi baada ya kiazi, na familia ni ya watu wanane.

Dawa ya wabunifu ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kutengeneza. Waliketi na watu wenye baridi yabisi, wakawatazama wakifanya kazi. Walishika na kujaribu mipini ya kila aina, ikiwemo ile mipira ya kushikia ya usukani wa baiskeli. Wakafikia mpini mnene, ili vidole visihitaji kujikunja hadi mwisho. Umbo lake ni la yai lililobanwa, ili usizunguke mkononi. Raba waliyochagua inaitwa Santoprene. Ilikuwa ikitumika kuzibia maji kwenye mashine za kuosha vyombo, hivyo haikuogopa maji wala sabuni. Na yale mapezi yanayobonyea yanakuonyesha mahali pa kuweka kidole bila maelezo. Mtu mwenye mkono mzima naye akakishika, akakipenda. Hapo ndipo biashara ilipopatikana.

Hata hivyo Wamarekani hao hawakuwa wa kwanza. Miaka ya 1940, mhandisi Lillian Gilbreth, mama aliyezaa watoto 12, alishiriki kupanga jiko kwa ajili ya watu wenye ugonjwa wa moyo: kila kitu karibu, kazi ifanywe umekaa, hatua zipunguzwe. Huko Sweden, miaka ya 1970, wabunifu Maria Benktzon na Sven-Eric Juhlin walitengeneza kisu cha mkate ambacho mpini wake umesimama wima kama wa msumeno. Ukikishika, kifundo cha mkono hakipindi. Nguvu inatoka begani na kwenye mkono mzima, vidole vinaongoza tu. Kisu kilikuja na fremu ya kuushikilia mkate usikimbie. Mwaka 1988, miaka miwili kabla ya OXO, MoMA ilifanya maonyesho mazima ya vifaa vya watu wenye ulemavu na wazee, na kazi za Waswidi zilikuwemo.

Halafu kuna Patricia Moore, ambaye kwangu mimi ndiye anayestahili filamu. Alikuwa mbunifu kijana katika ofisi moja ya New York. Anasimulia kwamba katika kikao cha kubuni friji aliuliza kama mlango ungefunguliwa na mtu mwenye baridi yabisi, akajibiwa kwamba wao hawabuni vitu kwa ajili ya watu hao. Mwaka 1979, akiwa na miaka 26, akaamua kwenda kuwatafuta watu hao ndani ya mwili wake. Alijipodoa akawa ajuza wa miaka 80 na zaidi, akavaa miwani iliyotia ukungu, akaziba masikio, akafunga vidole visikunjike. Kwa takriban miaka mitatu alizunguka miji zaidi ya 100 ya Marekani na Kanada akiwa bibi kizee, akapanda mabasi, akahesabu sarafu dukani, akajaribu kufungua milango. Baadaye ujuzi wake uliingia katika kazi ya wabunifu wa OXO.

Namheshimu Moore. Hata hivyo, ona njia aliyolazimika kupita. Ilibidi kijana mzima ajifunge vidole ndipo ofisi ziamini kile ambacho kila bibi angewaambia bure kabisa, wangemkaribisha chai na kumuuliza.

Mwaka huohuo wa 1990, tarehe 26 Julai, Marekani ilitia saini sheria yake kubwa ya haki za watu wenye ulemavu. Hoja iliyoizaa ndiyo hii hii ya kisu: kwamba tatizo haliko kwenye mwili peke yake, liko pia kwenye ngazi, mlango na mpini. Sisi Kenya tulilisema hilo katika Katiba ya 2010. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kuvuka vizuizi vinavyotokana na ulemavu wake. Tukikisoma, wengi wetu tunafikiria kiti cha magurudumu au fimbo nyeupe. Mwiko haumjii mtu akilini.

Basi tuje jikoni kwetu, kwa sababu jikoni kwetu kuna maumivu ambayo kisu cha OXO hakiyajui.

Chukua sukuma wiki. Namna tunavyoikata, hatutumii hata kibao. Unakusanya majani, unayakunja, unayabana ndani ya ngumi ya kushoto kwa nguvu zote, kisha kisu kinakata nyembamba, nyembamba, kikiifuata ngumi. Mkono unaoumia zaidi pale si wa kisu, ni ule unaobana. Chukua sufuria. Sufuria yetu ya kawaida haina masikio. Ina ukingo tu. Kuiepua unachukua vipande viwili vya kitambaa, au katoni, unaubana ukingo kwa vidole gumba na kuinua kilo kadhaa za maharagwe yanayochemka. Rudi kwenye ile hesabu ya mara 12, kisha uniambie. Chukua ugali: mwiko unasongwa kwa mkono mmoja huku mwingine ukiizuia sufuria isizunguke. Chukua mtungi wa gesi na ile regyuleta yake inayotaka kusukumwa na kuzungushwa kwa wakati mmoja.

Kwa upande mwingine, tuna vitu ambavyo wazee wetu walivibuni vizuri bila kwenda darasa lolote. Mbuzi ya kukunia nazi ni mfano. Unaikalia. Uzito wa mwili wako ndio unaoishikilia, meno yake yametulia, mikono miwili inakileta chakula kwenye makali. Ni wazo lilelile la fremu ya mkate ya Waswidi: kifaa kisimame chenyewe, mkono usifanye kazi mbili. Kinu na mchi nao, mpini ni mnene na uzito wa mti ndio unaoponda.

Shangazi yangu anaishi Kisauni, na baridi yabisi ilimshika vidole kabla hajafika 60. Kwa wali wa nazi hakuna aliyemfikia ukoo mzima, hili hata mahasimu wake wanakubali. Kulikuwa na arusi ya binamu yetu, na wanawake walipokusanyika kupika, mmoja akamchukulia kisu mkononi kwa upole. "Shangazi, si upumzike tu? Umeshatupikia vya kutosha." Akaletewa kiti, soda na sahani ya karanga. Kila aliyepita alimsalimia kwa heshima. Na heshima ile ilikuwa inamtoa kwenye jambo alilolijua kuliko wote waliokuwepo. Alikaa kimya mpaka jioni, na kwa arusi mbili zilizofuata akasema ana homa.

Kisha akaanza mambo yake. Alichukua kisu chake cha siku zote, akakata mpira wa tyubu ya baiskeli, akauzungushia mpini mpaka ukajaa mkononi. Alimwita seremala wa mtaani amtengenezee mbuzi yenye urefu wa kiti cha kawaida, kwa kuwa magoti nayo yalikuwa yameanza. Fundi akashangaa. "Mama, mbona juu hivi?" Akamjibu, "We tengeneza, mwanangu. Magoti ni yangu." Sufuria aliipeleka kwa fundi mwingine ikapigiliwa masikio mawili makubwa, ya kuingiza kiganja kizima. Maji hamimini tena kwa kuinua. Anachota kwa kikombe. Wali anaupika. Akiambiwa apumzike, anajibu, "Nikipumzika, mtakula nini?"

Niliposoma kwamba wabunifu wa New York walijifunza kutoka kwa mpini wa baiskeli, nilimfikiria yeye na tyubu yake. Hakuna aliyemsomea habari za OXO. Mkono ulimwambia.

Kwa hiyo ukitaka kumnunulia mtu wako vifaa, historia hii yote inakupa mambo machache ya kuangalia. Mpini uwe mnene na usiwe mviringo kamili, usiteleze ukiwa na maji. Ujaribu kwa mkono uliolowa ukiweza. Kisu kiwe na makali. Watu huwapa wazee kisu butu ati wasijikate, kumbe kisu butu kinataka nguvu mara mbili na ndicho kinachochopoka. Kitu kiwe chepesi, na kama ni kizito kiwe na masikio mawili. Pendelea kinachosukumwa kwa kiganja au kubonyezwa kwa mkono wa mbele kuliko kinachobanwa kwa ncha za vidole. Weka kitambaa chenye maji chini ya kibao kisitembee. Kuhusu mkebe na chupa, tafuta cha kufungulia chenye mkono mrefu, maana urefu ndio unaopunguza nguvu. Sukuma wiki, mama mboga atakukatia palepale kibandani. Huduma hiyo ni kifaa pia, na haina aibu yoyote. Hospitali kubwa zina wataalamu wa kumfundisha mgonjwa namna ya kufanya kazi za kila siku bila kuviumiza viungo. Wanafaa kutafutwa mapema, kabla mtu hajaacha kupika.

Lakini usinunue peke yako. Mikono miwili yenye ugonjwa mmoja haifanani. Mwingine hawezi kufunga ngumi, mwingine ngumi anafunga ila hawezi kupinda kifundo, mwingine asubuhi hawezi kitu na saa sita mchana anaweza kila kitu. Kifaa cha bei kubwa kilichochaguliwa na mtu mwenye vidole vizima huishia nyuma ya kabati, na mgonjwa anaonekana hana shukrani.

Na si lazima kitoke ng'ambo. Mafundi wa Kamukunji hufua chuma na bati mchana kutwa, wakatengeneza majiko, masufuria na makarai kwa kipimo unachotaka. Ujuzi wanao. Wanachokosa ni mteja wa kuwaambia kwamba ukingo wa sufuria unaumiza, na kwamba sikio likiwa kubwa hivi, mtu fulani angerudi jikoni kwake. Mteja huyo huenda yuko nyumbani kwenu, amekalishwa kwenye kiti kizuri. Mpeleke kwa fundi, au mlete fundi kwake. Na akianza kueleza anachotaka, mwache amalize.